Sura ya 6: Wasiohesabiwa

Kuanzia tarehe 18 Desemba hivi, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, hakina pa kuweka mguu. Tiketi za Moshi, Rombo na Machame zimekwisha zamani, wapiga debe wana kiburi cha mawaziri, na mtu mzima aliyevaa tai anakubali kukalia ndoo iliyogeuzwa katikati ya viti, mradi afike. Watani wetu husema Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Wao wanacheka, nasi tunacheka, lakini hawajui walivyoukaribia ukweli. Nyumbani kwetu Kibosho, jioni ya tarehe 25, mbuzi akishachinjwa na kisusio kikishanywewa, bibi huketi kwenye kigoda chake na kuwataja wanawe kwa mpangilio wa kuzaliwa, akianza na baba yangu. Anayetajwa anaitika. Aliyefariki anaitikiwa na mkubwa wa watoto wake.

Katikati ya orodha hiyo lipo jina moja lisiloitikiwa. Mwenye jina yu hai, ana afya njema, na hajagombana na mtu. Ni baba yangu mdogo, padre wa shirika la kimisionari, na tangu 1993 Krismasi zake zote amezila ugenini, mkoani Kigoma. Bibi humwitikia mwenyewe: “Baba Padre yuko kazini.” Kisha anaendelea na jina linalofuata.

Nikiwa mtoto jambo hili lilinishinda. Krismasi ni siku ya kanisa, baba mdogo ni mtu wa kanisa, iweje basi siku hiyo hiyo imnyime nyumbani? Mwalimu yuko likizo, karani yuko likizo, hata askari hupewa zamu. Nilipokua nikaenda kumtembelea, nikaona kazi ilivyo. Parokia ya kijijini ina kanisa moja la katikati na vigango vilivyotawanyika, vingine mwendo wa saa tatu kwa pikipiki, tena kama mvua haijaharibu njia. Kila kigango kinataka Misa ya Krismasi na padre ni mmoja. Anaanza na Misa ya mkesha, analala kidogo, alfajiri yuko barabarani kuelekea kigango cha kwanza, mchana yuko cha pili. Ikifika saa kumi jioni sauti imekauka, kanzu ina tope mpaka magotini, na waumini wote wamekwenda kula na jamaa zao. Katekista anafunga kanisa, anaaga, anaondoka na mkewe. Kijiji kizima kinanuka vitunguu, na padre ndiye pekee asiye na mlango wa kuuendea. Saa hiyo baba mdogo ameipa jina: saa ya kufuli.

Vitabu vya historia ya misheni vimejaa homa, mito iliyofurika, wafalme na mabishano ya dini. Saa ya kufuli haimo. Lakini ukienda kwenye shajara na kumbukumbu za wahusika wenyewe, ukafungua moja kwa moja ukurasa wa tarehe 25 Desemba kama mtu anayetafuta siku yake ya kuzaliwa, unaikuta imekaa pale, mara nyingi kwa sentensi mbili tatu, mara nyingi ikiwa inahusu chakula.

Naanza na Ujiji, kilomita chache kutoka Kigoma mjini, kwa sababu huko chakula chenyewe kiliandikwa. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa amekaa katika nyumba ya udongo kando ya Ziwa Tanganyika, mgonjwa, mali yake imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa aitunze. Alikuwa amejiuzulu kutoka shirika lake la misheni tangu 1857, lakini moyoni hakuwahi kujiona mtu mwingine ila mmisionari. Hapo ndipo alipofikiwa na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, kwa ule mkutano ambao kila mtoto wa shule anaujua. Watu huishia kwenye salamu. Mimi nawashauri wasome wiki kadhaa mbele, mpaka Krismasi.

Stanley ndiyo kwanza ameachwa na homa usiku uliotangulia, na ameazimia siku ifane. Vyakula vilinunuliwa sokoni Ujiji, na vingine vilitoka kwa mzee Mwinyi Kheri, mkubwa wa wafanyabiashara wa pale: kondoo wa mkia mnene, mbuzi, mayai, maziwa mabichi, ndizi, unga mweupe uliochekechwa vizuri, samaki, vitunguu, viazi vitamu, pombe. Mtu wa Kigoma akiisoma orodha hiyo anameza mate. Huwezi kuharibu sherehe ukiwa na vitu hivyo, isipokuwa ukimwamuru mpishi apike kitu kingine kabisa. Mpishi aliitwa Ferajji, ambaye sisi tungemwandika Faraji. Aliagizwa nyama ya kuokwa ya Kiingereza, na kastadi. Nyama ikaharibika, kastadi ikaungua, karamu ikawa bure. Stanley anamtukana mpishi kitabuni na kusema kwamba kilichomwokoa na kipigo ni udhaifu wa mikono yake yeye Stanley, iliyokuwa haijapata nguvu ya kuinuka baada ya homa.

Kitabu hicho kimesomwa kwa zaidi ya miaka 150 na wasomaji wamecheka hapo. Mimi sicheki. Kastadi ni ugomvi wa yai na moto. Hata kwenye jiko la gesi, ukigeuka kumjibu mtu imeshakatika. Faraji alikuwa na mafiga, kuni za msimu wa mvua, na sufuria ya msafara. Alikuwa mpishi wa watu wa njiani, kazi yake kuwashibisha wapagazi, na bila shaka mbuzi wa kuchoma na samaki wa nazi au mawese angewatoa bila jasho. Lakini siku hiyo wageni wake hawakutaka kula Ujiji. Walitaka kula Uingereza, na wakamtaka Faraji awapeleke huko kwa sufuria. Jina lake lina maana ya faraja. Aliombwa faraja asiyokuwa nayo, akatukanwa kwa kuikosa.

Siku mbili baadaye, tarehe 27, wakaondoka Ujiji kwa mitumbwi miwili, mmoja ukipepea bendera ya Marekani na mwingine ya Uingereza. Stanley haelezi kama Faraji alisamehewa.

Livingstone alikuwa mzoefu zaidi wa Krismasi mbaya. Mwishoni mwa Desemba 1866, huko kusini, alipoteza mbuzi wake wanne wa maziwa, na hilo lilimuuma kuliko mambo makubwa zaidi, kwa kuwa maziwa ndiyo yaliyokuwa yakimpa nguvu. Krismasi ya 1870 ilimkuta Bambarre, nchi ya Manyema, baada ya miezi ya kuugua vidonda vya miguu. Halafu ikaja ya 1872, karibu na ziwa Bangweulu, katika mvua na baridi isiyokatika mchana wala usiku. Hiyo ndiyo ninayoipenda. Hakuagiza kastadi. Alichinja ng’ombe, akampa kila mtu wa msafara wake fundo moja na nusu la shanga, akasema leo ni sikukuu, tunapumzika.

Fundo lilikuwa kete kumi za shanga zilizotungwa, na bara wakati ule shanga zilikuwa fedha. Maana yake kila mmoja alipewa nyama, kisha akapewa uwezo wa kwenda kijijini kujinunulia alichotaka yeye: unga, kuku, pombe, au akiba ya kesho. Katika sikukuu ile walikuwapo Chuma, aliyekombolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, Susi wa Shupanga, na vijana waliokuwa wamelelewa shule ya Nasik huko India baada ya kuokolewa kwenye majahazi. Ukiwatazama vizuri, karibu kila aliyekula ng’ombe yule alikuwa mbali na kwao, na mzee wa Kiskoti alikuwa mmoja tu kati ya wengi. Ilikuwa Krismasi yake ya mwisho. Mwezi Mei uliofuata wakamkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda.

Kuna wamisionari ambao Krismasi za namna hii ziliwawia maisha yote. Johannes Rebmann alitoka Gerlingen, kijiji cha Württemberg, nchi ya theluji na ya Wakristo wenye kuishika sana Krismasi. Alifika Mombasa mwaka 1846, akahamia Rabai pamoja na Johann Ludwig Krapf, na akaondoka mwaka 1875. Zihesabu: kuanzia Desemba 1846 hadi Desemba 1874 ni Krismasi 29, na hakuna hata moja aliyoila kwao. Hata alipotoka pwani kwenda kuoa, aliishia Misri.

Mtu wa pwani anajua Desemba ya Rabai ikoje. Kaskazi imeshaanza kuvuma, jua linachoma mpaka kivuli cha mnazi hakitoshi, majahazi ya Uarabuni yanaanza kuonekana. Kwa wenyeji ni majira ya wageni na ya biashara, msimu wenye shangwe yake. Kwa Rebmann lazima ulikuwa msimu wa kuchanganyikiwa, kwa maana mwili ulisema kiangazi na kalenda ikasema Krismasi. Barua za kwao zilikuja kwa pepo na kwa bahati. Mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa mpaka 1869. Mwenzake Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosina mwezi Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua, na mtoto naye akafuata. Krapf mwenyewe, mgonjwa, hatimaye akarudi Ulaya. Rebmann akabaki. Mtoto wake akafa, mkewe Emma akafa mwaka 1866, macho yakaanza kufifia. Waumini wake walikuwa wachache mno kwa miaka yote hiyo, na wapo waliomcheka kwa hilo.

Sijui watu hupimaje kazi ya namna hiyo. Mimi nimekaa na mizani yangu nikaiweka chini. Ila nataka msomaji amtazame Isaac Nyondo. Nyondo alikuwa mmoja wa wale wachache waliobatizwa, na mzee alipopofuka kabisa, Nyondo ndiye aliyemshika mkono wakapanda meli pamoja. Alimpeleka mpaka Ulaya. Rebmann akapata Krismasi moja tu huko, ya 1875, akiwa haoni ile theluji, kwani ilipofika Oktoba 1876 alifariki huko Korntal. Safari hiyo mgeni alikuwa Nyondo, na kila alichokila ilibidi akipokee kutoka kwenye mikono ya watu.

Unguja ina habari nyingine, na hapa lazima niende taratibu. Mwaka 1873, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Misheni ya Waanglikana wa vyuo vikuu ikapata ardhi ya soko hilo pale Mkunazini, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka ule ule. Edward Steere, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa kukusanya hadithi za Kiswahili, alilisimamia jengo lile; alifariki mwaka 1882, na amezikwa humo humo. Watalii huonyeshwa vyumba vya chini na nguzo zinazosemekana kusimamishwa kichwa chini. Mimi huwa nawaza tarehe. Kwa nini Krismasi? Sababu ya dini iko wazi. Lakini mtu aliyekaa ugenini miaka mingi ataona na nyingine: siku ambayo mikono ingekaa bure na mawazo yakasafiri kwenda kwa mama, siku hiyo unaipa mikono jiwe.

Waliosimama kulizunguka jiwe lile hawakuwa Waingereza peke yao. Misheni ilikuwa ikiwalea watoto waliokamatwa kwenye majahazi ya watumwa na kukabidhiwa kwake, Wayao, Wanyasa, Wamakua, wavulana Kiungani, wasichana baadaye Mbweni. Wahenga walisema mwenda kwao si mtumwa. Watoto hawa walikuwa hawaendi kwao. Wengine hawakukumbuka jina la kijiji, na wale waliokumbuka hawakuwa na njia. Mmisionari aliyelia chumbani usiku wa Krismasi alikuwa na tiketi ya kurudi akitaka, au walau alikuwa na anwani. Ninaposoma masikitiko ya wazungu wa zama zile juu ya nyumbani, na yapo ya kugusa moyo kweli, husikia nyuma yake ukimya wa bweni zima la watoto wasiokuwa na pa kuandikia barua. Haifai kuyasikia masikitiko hayo bila ukimya huo.

Labda Caroline Thackeray aliusikia. Alikuja Mbweni mwaka 1877 kufundisha wasichana hao, akakaa hadi kifo chake mwaka 1926, na kaburi lake liko huko huko. Mtu hakai karibu miaka 50 mahali kwa sababu ya kazi tu. Nadhani kuna Desemba moja, hakuna ajuaye ipi, ambapo alikaa mezani na wale wasichana na hakuwaza tena mahali pengine.

Upande wa pili wa bahari nako kulikuwa na meza zenye pengo. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto wao Ulaya wakifikia umri wa shule. Baba na mama wakabaki Unyakyusa, mtoto akakaa bweni huko Saxony, mwaka baada ya mwaka. Katika shule za bweni za kanisa hilo kulibuniwa nyota ya karatasi yenye ncha nyingi, kwanza kama zoezi la hesabu za maumbo huko Niesky, mapema karne ya 19. Masimulizi ya Wamoravian wenyewe yanasema watoto wa wamisionari walizitengeneza na kuzitundika mwanzoni mwa Majilio, kuwakumbuka wazazi waliokuwa mbali. Mwaka 1897 zikaanza kutengenezwa kwa biashara Herrnhut, na leo ni pambo linalouzwa nchi nyingi. Wanunuzi wengi hawajui kwamba wanatundika dirishani kazi ya mikono ya mtoto aliyeachwa. Na Tanzania, ambako baadhi ya wazazi wa namna hiyo walikuwa wamekwenda, ndiyo leo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani. Ukitaka kulaumu, utapata wa kumlaumu. Ukitaka kushukuru pia utapata, na wakati mwingine ni mtu yule yule.

Simu imebadilisha nini? Nairobi na Dar es Salaam utakutana na vijana wanaotembea wawili wawili, mashati meupe, kibao cheusi cha jina kifuani. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni. Kijana wa kiume hutumikia miaka miwili bila kurudi kwao, na mpaka mapema 2019 aliruhusiwa kuzungumza na nyumbani kwa simu mara mbili tu kwa mwaka: Krismasi na Siku ya Mama. Barua pepe aliandika kila wiki, lakini sauti, mara mbili. Fikiria uzito wa simu hiyo. Familia nzima imeizunguka, kila mtu ana dakika zake, mama ameahidi hatalia. Februari 2019 kanisa lao likalegeza, sasa wanaruhusiwa kupiga kila wiki.

Wengi walishangilia, na haki yao. Mimi nina shaka ndogo, niliyoipata kwa baba mdogo. Miaka yake ya kwanza alikuwa akituandikia barua. Ilitoka Kigoma kwa treni ya Reli ya Kati, ikafika Moshi Januari, na ndani yake alikuwa amekula vizuri, amelala vizuri, na watu walimpenda. Barua ilikuwa na huruma: ilimpa mwandishi muda wa kujipanga na msomaji muda wa kuamini. Kisha zikaja simu za mkononi, naye akajifunza kukohoa pale sauti inapotaka kukatika. Sasa kuna simu za video. Mwaka wa kwanza tulipompigia, mdogo wangu, kwa nia njema, akamzungushia simu uani: mbuzi kwenye moto, mbege kwenye kata, wajukuu wasiomjua wanakimbizana chini ya migomba. Tulimwona uso. Hakuna aliyerudia kumzungushia simu tena.

Aliwahi kunisimulia Krismasi yake ya kwanza kule, na ndiyo iliyonifanya niandike sura hii. Ilikuwa 1993. Oktoba 21 mwaka huo Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka mpaka kwa maelfu kuingia mkoa wa Kigoma, wamebeba magodoro na watoto. Baba mdogo alikuwa na miezi minne tu pale. Kiha chake kilikuwa cha salamu. Alisomesha Misa ya Krismasi mbele ya watu ambao nusu yao walikuwa wakimbizi, na walipoanza kuimba kwa Kirundi, anasema, paa la mabati lilitaka kung’oka. Hakuelewa neno ila Noheli.

Ikafika saa ya kufuli. Akakaa barazani kwenye nyumba ya mapadre, mwenzake mzee amelala na malaria. Ndani kulikuwa na mkate wa jana. Akawaza mtori wa bibi, na hapo, anasema bila aibu, akalia kama mtoto aliyesahaulika shuleni.

Akaja mama mmoja na binti yake. Mkononi ana sahani ya bati imefunikwa kwa jani la mgomba. Ndani ni ugali mdogo na maharage, na baba mdogo aliyajua maharage yale kwa rangi, kwa kuwa siku tatu kabla alikuwa amesaidia kuyapima wakati wa kuwagawia wakimbizi. Ulikuwa mgao wake huyo mama. Akasimama, akasema, “Mama, siwezi kula hiki. Warudishie watoto.”

Yule mama hakuiondoa sahani. Akamjibu kwa Kiswahili cha kwao, “Padre, nilikuwa na nyumba ya vyumba vinne. Kila Noheli nilikuwa na wageni. Leo na mimi nataka mgeni.”

Akala. Anasema maharage yalikuwa hayana chumvi, na kwamba mama yule alisimama akimwangalia mpaka tonge la mwisho, kama mtu anayesimamia kazi. Kisha akapokea sahani, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu afike Kigoma: kwenu ni wapi, na mama yako anaitwa nani? Akamtajia. Yule mama akalirudia jina la bibi yangu, la Kichagga, akalikosea, akalirudia tena.

Tangu hapo baba mdogo ana desturi moja. Siku ya Krismasi hapiki, wala haweki chakula ndani. Wenzake wa shirika wanamwona ana ukaidi. Anafunga kanisa, anakaa barazani, anangoja. Anasema mara mbili katika miaka hii yote alilala njaa, na hakuona kwamba alikosea.

Desemba iliyopita tulimpigia jioni, bibi akiwa kwenye kigoda, amevikwa koti la marehemu babu kwa sababu ya baridi. Ana miaka zaidi ya tisini na simu anaishika kama kioo cha kujitazamia. Alikuwa ameshafika kwenye jina la baba mdogo.

“Baba Padre, umekula?”

“Nimekula, mama. Migebuka kwa mawese.”

“Nani kapika?”

Akacheka, akageuza simu. Tukaona baraza, kuta za rangi ya samawati, na mwanamke wa makamo anayefuta mikono kwa khanga, hakutegemea kuonwa.

“Shikamoo mama,” akasema.

“Marahaba, mwanangu. Huyo hapendi chumvi nyingi.”

“Najua, mama. Ni mwaka wa nane huu.”

Bibi akamtazama kwa muda, mpaka tukadhani mtandao umekwama. Kisha akanipa simu niishike, akarekebisha koti, na akataja jina linalofuata.